Mbuzi Juu ya Reli ya Kidete

Nilipomaliza kidato cha nne, mama yangu alichoka kuniona. Kwetu ni Mabwerebwere, Kilosa mjini, na mama amekuwa akipika vitumbua barazani tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano, na kazi hiyo ya kusubiri niliifanya kwa bidii: naamka, nakula vitumbua vilivyoungua ambavyo haviuziki, narudi kulala. Asubuhi moja akaja kunisimamia kitandani, mwiko mkononi.

"Mjomba wako wa Kidete anataka mtu wa kulinda mahindi," alisema. "Nyani wamemshinda. Wewe una sauti. Nenda kapige kelele huko, hapa majirani wamechoka."

Nikafunga nguo zangu, nikaenda.

Kidete ni kijiji cha reli ya kati. Mto Mkondoa unapita karibu kiasi kwamba watu wakinyamaza unausikia. Nyumba ya mjomba ilikuwa upande wa stesheni, lakini shamba lake lilikuwa ng'ambo ya reli, bondeni kuelekea mtoni, kwenye udongo mweusi ambako mahindi yanaota bila kubembelezwa. Katikati ya shamba alikuwa amejenga dungu, kile kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi, ambako mlinzi anapanda asubuhi na kushuka jioni. Nilikabidhiwa dungu, debe bovu la kupiga na fimbo ya kulipigia.

Mjomba alikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa wafugaji. Mwaka mmoja nyuma ng'ombe walikuwa wameingia shambani kwake mahindi yakiwa yanakaribia kukomaa, na tangu hapo hakuweza kumaliza kula bila kuwataja. Siku ya kwanza alinipeleka hadi chini ya dungu akanipa maagizo.

"Ukiona nyani, piga debe. Ukiona nguruwe pori, piga debe. Ukiona Mmaasai, shuka uje uniite mimi."

"Kwani Mmaasai haogopi debe?"

"Mmaasai haogopi kitu. Ndiyo shida yake."

Mimi nilikulia mjini. Wamaasai nilikuwa nawaona sokoni wakiuza dawa za mizizi na viatu vya matairi, na sikuwahi kuzungumza nao zaidi ya kuuliza bei na kusema ni ghali. Lakini habari zao nilikuwa nazo nyingi, kama alivyo nazo kila mtu wa kwetu. Mama alisema hawaogi. Shangazi, mke wa mjomba, alisema wanapenda ng'ombe kuliko watoto wao. Jirani yetu alisema ukimtazama Mmaasai machoni lazima mgombane. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuingia kwenye nyumba ya Mmaasai, na mimi sikuona kwamba hilo lina tatizo.

Maisha ya dungu niliyapenda. Nilipiga debe, nilichoma mahindi mabichi, niliimba nyimbo zote ninazozijua na nyingine nusunusu. Nyani walinizoea mpaka nikawa nawatambua. Masika yalikuwa yameanza, lakini siku hiyo ninayotaka kuisimulia jua lilikuwa kali kwetu. Mawingu meusi yalikuwa mbali, kule milimani upande wa Mpwapwa ambako mto unatokea.

Nilikuwa nimeshuka kuokota kuni, kikapu cha chakula begani, nilipowaona mbuzi. Walikuwa kundi dogo, wametawanyika kwenye mstari wa mwisho wa mahindi, wanakula kwa utulivu kama wamealikwa. Nikachukua debe langu, nikatoka mbio. Kumwita mjomba nilisahau kabisa.

Nyuma ya mbuzi alikuwa anakuja msichana mwenzangu wa rika langu, naye mbio. Alivaa shuka la bluu, shanga shingoni, simu imening'inia kwenye kamba katikati ya shanga.

"We! Toa mbuzi wako!" nikapiga kelele.

"Si natoa? Huoni natoa?"

"Huoni hapa ni shamba la mtu?"

"Mimi naona. Mbuzi ndio hawaoni."

Jibu hilo lilinipandisha hasira. Nikamwambia watu wa kwao wote ni hivyo hivyo, wanajua wanachokifanya halafu wanasingizia wanyama. Akaniambia watu wa kwetu wamelima mpaka kwenye njia ya kwenda mtoni, sasa mbuzi wapite wapi, angani? Nikamwambia waende walikotoka. Akaniuliza yeye ametoka wapi, maana amezaliwa hapo hapo Kidete, na mimi je? Mimi nilikuwa nimetoka Kilosa kwa treni wiki chache zilizopita. Hapo ndipo mbuzi wote walipoacha kutafuna.

Waliinua vichwa kwa pamoja. Beberu mkubwa, mweupe mwenye ndevu chafu, akageukia mtoni. Kisha nasi tukasikia mngurumo mzito wa kitu kinachokuja.

"Treni ya mizigo hiyo," nikasema.

Msichana alikunja uso. "Treni gani inatokea mtoni?"

Tukatazamana. Halafu tukakimbia.

Mahali pekee palipoinuka karibu nasi palikuwa tuta la reli. Mimi nilitaka kukimbia moja kwa moja, lakini yule msichana alikuwa anakimbia huku anapiga mluzi na kusukuma mbuzi mbele yake, na mtoto mmoja wa mbuzi alikuwa amenasa kwenye magugu. "Mchukue huyo!" akaniamuru. Mpaka leo sijui kwa nini nilitii. Nikamnyakua yule mtoto kwa mkono mmoja, debe mkono wa pili, kikapu changu bado begani, nikapanda tuta nikiteleza kwenye kokoto. Nilipogeuka, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanatembea ndani ya mahindi. Hayakuwa na haraka kama nilivyodhani. Yaliinama tu juu ya shamba, mstari baada ya mstari. Dungu langu likatikisika, likainama, likaondoka zima zima na paa lake, kama mtu aliyeaga.

"Nyumba yako hiyo?" akauliza.

"Ilikuwa."

Akacheka, kisha akaziba mdomo. Nami nikacheka, kwa hofu zaidi kuliko furaha.

Hatukukaa sana kabla ya kuelewa hali yetu. Tuta la reli limejengwa juu, na chini yake kuna makalavati ya kupitishia maji. Maji yalikuwa mengi kuliko makalavati, kwa hiyo yalipita kila mahali, yakajaza hata bonde la upande wa kijijini. Upande wa milimani tuta lilikuwa limeshakatika na maji yanapita katikati. Tukaenda upande wa stesheni, na huko nako tukakuta tuta limemegwa. Reli zenyewe hazikukatika. Zilibaki zimening'inia hewani juu ya lile pengo, pamoja na mataruma yake, vile vyuma vya mlalo vinavyoshika reli, kama ngazi iliyolazwa. Chini yake maji yalikuwa yanapiga kelele.

Kwa hiyo tulikuwa kisiwani. Kisiwa chenyewe kilikuwa kipande cha reli, na juu yake kulikuwa na kibanda cha bati walichokuwa wakitumia mafundi wa reli zamani, wasichana wawili wasiopendana, na mbuzi.

Simu yangu ilikuwa imebaki kwenye dungu. Yake haikuwa na mtandao hata mstari mmoja. Jioni hiyo mvua ikatufikia na sisi. Tukaingia kibandani na mbuzi, tukagawana viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokuwa kwenye kikapu changu, tukalala tumeegemea matumbo ya mbuzi yenye joto. Nilitegemea kukesha kwa hofu. Nililala fofofo.

Asubuhi niliamka nikamwona chatu.

Alikuwa amejiviringa kwenye mbao kuukuu pembeni mwa kibanda, mnene kama mkono wangu, anatutazama. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka tu niko nje juu ya rundo la mataruma, napiga debe kwa nguvu zangu zote.

Yule msichana akatoka ananitazama kama mtu anayemtazama kichaa.

"Unampigia debe chatu?"

"Ndiyo!"

"Hasikii debe. Wewe unatutisha sisi tu."

Akachukua fimbo yake ndefu, akaingia, akamwinua chatu taratibu katikati ya mwili, akatoka naye anamning'iniza, akamweka kwenye magugu mwisho kabisa wa kisiwa chetu. Aliporudi alinikuta bado nimesimama juu.

"Naye amekimbia maji," alisema. "Nimemhamisha kwa sababu ya watoto wa mbuzi. Angekuwa na njaa angeanza na wao, siyo wewe. Wewe una mifupa mingi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzungumza. Alikamua mbuzi kwenye kikombe changu cha plastiki, akanipa. Nilikuwa sijawahi kunywa maziwa ya mbuzi, tena yenye joto la mbuzi mwenyewe. Nilifumba macho nikanywa. Yalikuwa matamu, na nilikuwa na njaa, na nikaomba tena. Yeye alikaa akinitazama kwa fahari kama amepika pilau.

"Unajua Kiswahili vizuri," nikamwambia, nikidhani namsifia.

"Nilipata B."

"B ya nini?"

"Ya Kiswahili. Kidato cha nne, mwaka jana. Wewe ulipata ngapi?"

Nilipata C. Nilimwambia nimesahau, na akacheka mpaka mbuzi wakageuka. Alikuwa amemaliza shule mwaka ule ule niliomaliza mimi, akitembea asubuhi na jioni kwenda na kurudi, na sasa alikuwa anasubiri kidato cha tano kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye alisubiri huku anachunga. Tulifanya mitihani ile ile siku zile zile. Tukaanza kukumbushana maswali. Lile la Jiografia, yeye alijibu kwamba mafuriko husababishwa kwanza na kukatwa miti milimani, mimi nilianza na kulima kandokando ya mito. Tukabishana vikali juu ya sababu za mafuriko, tumezungukwa na mafuriko pande zote, na hakuna kati yetu aliyeona kichekesho hicho mpaka mtoto wa mbuzi alipoteleza akatumbukia na ikabidi tuache mjadala tukamvute.

Mchana mvua ilipumzika, nami nikaona kitu kinatikisika kwenye shimo la maji pembeni mwa kokoto. Kambale! Alikuwa ameletwa na mto akaachwa hapo. Nikavua khanga ya pili, nikaingia mpaka magotini, nikamfunika, tukapigana, nikashinda. Kwetu kambale ni chakula cha kumwekea mgeni. Nikamwinua juu kumwonyesha mwenzangu.

Alirudi nyuma hatua kadhaa. Msichana aliyembeba chatu kama kamba ya mbuzi alikuwa anamwogopa samaki!

"Huyo ni nyoka," alisema.

"Nyoka gani ana masharubu?"

"Nyoka wa majini. Sisi hatuli hivyo. Mtupe."

"Mimi nimekunywa maziwa ya mbuzi wako."

"Maziwa ni chakula!"

Kiberiti kilikuwa kikapuni, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na chumvi, maana mlinzi wa mahindi hawezi kukosa cha kuchomea mahindi. Zile mbao za kibandani zilikuwa kavu. Nikamkatakata kambale kwa kipande cha bati, nikampika kwenye debe kwa maji ya mvua na chumvi. Mwenzangu alikaa ametugeuzia mgongo mimi na debe langu. Harufu ilipopanda, aligeuza sikio kwanza. Kisha bega. Mwishowe akaja akachuchumaa karibu, akasema anataka tu kuona. Nikampa kipande cha mkia. Alikitafuna muda mrefu sana, macho juu.

"Usimwambie baba," akasema.

"Baba yako nitamwonea wapi?"

"Sijui. Lakini usimwambie." Akanyoosha mkono apewe kipande kingine.

Mchana ule, tumeshiba, tuliambiana yote tuliyoambiwa nyumbani. Nilianza kwa aibu. Nikamwambia mama yangu anaamini kwamba hawaogi. Akanionyesha maji yaliyotuzunguka akauliza, hayo hayatoshi? Yeye akasema bibi yake anaamini kwamba Waswahili, yaani sisi wote wenye mashamba, tunafuga majini, na ndiyo maana tunafunga milango mchana. Nikamwambia mlango tunaufunga kwa sababu ya kuku. Akaniambia kwao wanasema Mswahili akikusalimia mara mbili anataka ng'ombe wako. Nikamwambia kwetu wanasema Mmaasai akitazama shamba la mahindi haoni mahindi, anaona majani.

Alifikiri kidogo. "Hiyo ya majani ni kweli kidogo."

"Na hiyo ya ng'ombe pia ni kweli kidogo," nikakiri. "Mjomba anawapenda sana wakiwa wameshapikwa."

Lakini siyo yote yalikuwa ya kuchekesha. Aliniambia kwamba alipokuwa darasa la tatu, mwalimu alimkalisha peke yake nyuma kwa sababu wenzake walisema ananuka moshi. Kila asubuhi alijipaka mafuta ya mgando mengi mpaka daftari linateleza. Alisimulia kawaida tu, huku anamkuna beberu shingoni. Nikakumbuka kwamba darasani kwetu pia alikuwepo mtoto wa wafugaji aliyekaa nyuma, na sikuweza kukumbuka sauti yake. Nilimsogezea debe lenye mchuzi uliobaki, akanywa.

Siku iliyofuata kisiwa kilianza kupungua. Kila baada ya muda kipande cha tuta kiliporomoka, kokoto zikishuka kwa mchakacho mrefu. Sehemu mwenzangu aliyomweka chatu haikuwepo tena, naye sijui alielekea wapi. Maji yenyewe yalikuwa yameshuka, lakini tope lilikuwa la kumeza mtu, na mbao za kuwashia moto zilibaki chache. Tuliweka magugu mabichi kwenye moto, moshi ukapanda mweupe na mrefu.

Moshi huo ndio uliotuokoa. Kabla jua halijawa kali tuliona watu wanakuja juu ya reli kutoka stesheni: mafundi wa reli wenye kamba na makoleo, na mbele yao wanaume wawili. Mmoja alikuwa mjomba wangu, amejifunika nailoni. Mwingine alikuwa mrefu mwenye shuka jekundu.

"Baba," akasema mwenzangu, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa ndogo.

Walisimama ng'ambo ya lile pengo. Upana wake haukuzidi uwanja wa netiboli, lakini kati yetu zilikuwa zile reli zinazoning'inia. Fundi mmoja mwenye kofia ya njano akarusha kamba, ikafika kwa jaribio la pili. Akapaza sauti: tuifunge kiunoni, tutembee juu ya mataruma mmoja mmoja, tusitazame chini.

"Mbuzi waacheni!" akaongeza.

"Siwaachi," mwenzangu akasema.

"Hatuwaachi!" nikapiga kelele mimi, kwa ile sauti iliyowachosha majirani wa Mabwerebwere.

Ng'ambo wakaanza kubishana. Mjomba alikuwa anarusha mikono juu. Wakati wao wanabishana, beberu alitupita, akanusa taruma la kwanza, akapanda. Alitembea juu ya zile reli kama mheshimiwa anayekagua kazi, ndevu zinapeperuka, akafika ng'ambo, akajitikisa, akaanza kula kamba ya fundi. Wengine wakamfuata kwa mstari. Kumbe wale walikuwa watu wa hapo. Wageni wa mahali pembamba tulikuwa sisi.

Watoto wa mbuzi tuliwabeba mgongoni, wa kwangu kwenye khanga, wa kwake kwenye shuka. Lile la mmoja mmoja tulilipuuza, tukajifunga kamba moja, yeye mbele mimi nyuma. Mimi nilikuwa nimezoea kupanda dungu, urefu haunisumbui. Yeye alitembea vizuri hadi katikati, halafu akasimama.

"Siwezi," alisema. "Naona maji."

"Usiyatazame."

"Nayasikia."

Likanijia jambo moja.

"Taja sababu za mafuriko," nikasema.

"Nini?"

"Sababu za mafuriko. Ya kwanza."

Akavuta pumzi. "Kukata miti." Akapiga hatua.

"Uongo, ya kwanza ni kulima kandokando ya mito. Ya pili?"

"Ya kwanza ni miti!" akasema kwa hasira, akapiga hatua mbili. "Ya pili, mvua nyingi. Ya tatu, mifereji kuziba..." Akaendelea hivyo, sababu kwa taruma, na sababu zilipokwisha akaanza kuzibuni, mpaka mkono wa mjomba wangu ukamshika kiganjani ukamvuta.

Mjomba alimkumbatia yule msichana kabla hajaona kwamba si mimi. Nami nilipofika nilidakwa na yule mzee mwenye shuka jekundu. Nikainamisha kichwa nikasema shikamoo. Aliniwekea kiganja kichwani akakiacha hapo muda mrefu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekula?"

"Nimekula, baba. Maziwa."

Pembeni yake mwenzangu alinikazia macho. Kuhusu kambale nilinyamaza.

Shangazi ndiye aliyetusimulia baadaye jinsi mambo yalivyokuwa upande wa kijiji. Jioni ile ya kwanza mjomba alikwenda kwa mwenyekiti akilia kwamba wafugaji wamemchukua binti wa dada yake. Akamkuta yule mzee ameshafika, analia kwamba wakulima wamemkamata binti yake pamoja na mbuzi. Kila mmoja alikuwa na watu nyuma yake, na watu wale hawakuja mikono mitupu. Mwenyekiti alikuwa na mafua na hasira. Akawauliza: kabla hamjakatana, nani kati yenu ameshakwenda kuangalia mto? Basi wakaenda kuangalia, na walipoona shamba ni ziwa wakasahau walichokuja nacho. Walizunguka pamoja pembeni mwa maji, wakiita majina mawili kwa zamu. Shangazi alisema mvua ilipowakuta waliketi chini ya nailoni moja, wakigombana bado kuhusu ng'ombe wa mwaka uliopita, sauti zimekauka, lakini nailoni wanaishika wote wawili.

Sitasema kwamba tangu siku hiyo Kidete iliishi kwa amani kama peponi. Msimu uliofuata mbuzi waliingia tena shambani. Lakini mjomba hakwenda kwa mwenyekiti, alipiga simu.

"Mzee, beberu wako yuko hapa kwangu, anakula."

"Mshike. Nakuja."

Alikuja, wakagombana kidogo kwa heshima ya mazoea, kisha wakakaa wakanywa chai. Msimu wa pili waliacha pamoja njia pana ya mifugo kushuka mtoni, mjomba akakata mstari wake wa mwisho wa mahindi kwa mikono yake mwenyewe. Alilalamika siku nzima huku anakata. Ila alikata.

Sisi tulipangiwa shule tofauti za kidato cha tano, tukaandikiana ujumbe wa simu kila likizo. Leo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kilosa. Darasani kwangu watoto wanabadilishana viti kila Jumatatu, wa mbele wanakwenda nyuma. Wakiniuliza kwa nini, nawaambia ni kwa ajili ya kunyoosha miguu. Rafiki yangu alisoma mambo ya mifugo, akaolewa, akahamia Mikumi, na hapo kando ya barabara kuu ana duka la mtindi ambalo madereva wa malori wanalijua kuliko kituo cha mafuta. Anasema siku nyingine tembo wanasogea karibu, na wateja wanapiga picha wakisahau kunywa.

Mwaka jana alijifungua mtoto wa pili, akanialika kwenye sherehe kwenye boma la wakwe zake, nje kidogo ya Mikumi. Nikamwambia mama naondoka Jumamosi. Mama alikuwa anageuza vitumbua, akauliza bila kuniangalia kama huko kuna mahali pa kuswalia. Nikamwambia ardhi ni pana. Jumamosi nilimkuta ameshavaa, ana ndoo ya vitumbua miguuni.

Tulipofika, mama alisimama kwenye lango la boma amekumbatia ndoo yake kama ngao. Wanawake wakatoka wakiimba. Bibi mmoja aliyezeeka kuliko wote akamwendea, akamsalimia: "Takwenya!" Mama akanigeukia kwa wasiwasi. Rafiki yangu akamnong'oneza, "Sema 'iko', mama." Mama akasema "Iko!" kwa sauti ya kuitia wateja, na boma zima likashangilia. Ndoo ikapokelewa. Vitumbua vikaisha kabla nyama haijaiva. Akavalishwa shanga, akaonyeshwa mtoto, akaingizwa ndani ya nyumba, na nilipochungulia nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha ngozi na yule bibi, anamfundisha kwa ishara jinsi ya kukoroga unga wa mchele na tui. Kiswahili cha yule bibi kilikuwa kidogo, Kimaasai cha mama kilikuwa neno moja, na walikuwa wanazungumza bila kupumzika.

Saa ya basi ikakaribia. Nikaingia nikamwambia mama tuondoke, tutaachwa.

"Tutaachwa na nani?" akauliza, na akasogea kitandani nami nipate pa kukaa.